Tandiko la Babu

Wahenga hawakukosea walipomtaja kunguni. Wangeweza kumtaja simba au chui, wenye fahari zao, lakini wakamchagua kijidudu kisichoonekana mchana wala kusikika usiku. Mgeni akisimama mlangoni atakisifu kitanda kwa mashuka yake meupe na mito yake iliyofumwa vizuri. Aliyekilalia ndiye anayejua kilichomo. Lakini binadamu tumezoea kusimama mlangoni na kuhukumu, maana kuhukumu hakuchoshi mwili. Hivyo ndivyo alivyofanya Mzee Hatamu juu ya farasi mmoja mchanga, jike, wa rangi ya asali, na nusura farasi huyo aishie kuvuta matofali.

Mzee Hatamu alikuwa mfunza farasi. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa limesahauliwa na wote isipokuwa mkewe, naye alilitumia siku za ugomvi tu. Aliwachukua farasi wachanga wasiojua kitu, akawazoesha blanketi, kisha tandiko, kisha mtu mgongoni, akawarudisha kwa wenyewe wakiwa wapole kama maji ya mtungini. Kazi hiyo aliirithi kwa baba yake pamoja na vitu viwili: sauti ya kufokea na tandiko moja la ngozi nyeusi. Tandiko hilo lilikuwa sheria ya nyumba. Hakuna farasi aliyevishwa tandiko jingine katika uwanja ule kabla ya kuvishwa hilo, na hakuna mkono uliolifunga ila wa Mzee mwenyewe. Alilipaka mafuta na kulisugua mpaka likang'aa. Msimu wa mvua uliopita, rafu ya chumba cha vifaa ilipooza na kuporomoka, ndoo zilipasuka na taa ikavunjika vipande vipande, lakini tandiko lilitolewa chini ya magunia ya nafaka likiwa halina hata mkwaruzo.

“Mnaona?” Mzee aliwaambia watu wa nyumbani, amelikumbatia kama mtoto aliyenusurika ajali. “Vitu vya zamani hivi!”

Farasi wa kwanza kufunzwa baada ya mvua hizo alikuwa huyo wa rangi ya asali. Hakuwa wa mteja, alikuwa mali ya nyumba. Mama yake alikufa siku alipomzaa, na bintiye Mzee Hatamu, mwanamke mzima aliyekuwa mkono wa kulia wa baba yake kazini, akamlea kwa chupa. Alimwita Hariri kwa ulaini wa manyoya yake. Hariri alikua akimfuata mlezi wake kila aendako, mpaka siku moja akamfuata jikoni na kumaliza mkate wote wa chai kabla hajatolewa nje kwa ufagio. Binti alicheka mpaka akakaa chini. Mzee hakucheka, na kisa hicho alikiweka akiba.

Shida ilianza Hariri alipofika umri wa kupandwa. Alisimama kimya akipigwa brashi. Alisimama kimya akivishwa blanketi na tandiko na kufungwa ukanda wa tumboni, na alitembea uwanja mzima na tandiko tupu mgongoni kama bibi harusi. Lakini mtu alipokanyaga kikuku, kile chuma cha kutilia mguu, na kuketi, hapo ndipo mambo yalipogeuka. Masikio yalilala nyuma, mkia ukaanza kuchapa huku na huku, na Hariri akagoma kabisa. Akihimizwa, alirudi kinyumenyume. Akichapwa, alirusha miguu. Mara ya mwisho alimrusha binti juu ya ua wa mbao, akaangukia matopeni na kuinuka na bega lililovimba. Mfagiaji wa mabanda, mtu asiyeishiwa na majina ya kubandika wenzake, alimbatiza upya papo hapo: Kisirani. Siku chache baadaye hata Mzee alikuwa akimwita hivyo.

“Ni tabia tu ile,” Mzee Hatamu alitoa hukumu asubuhi moja wakiwa mezani. “Umemdekeza. Aliyekula mkate jikoni leo asichapwe, kesho atakukalia kichwani.”

“Baba, mimi naona kama anaumwa,” binti alisema.

“Anaumwa wapi? Anakula, anakimbia, anabingirika kwenye vumbi. Mgonjwa gani huyo anayeugua saa za kazi tu?”

Swali hilo lilimuuma binti kuliko bega. Alikuwa hana hakika hata yeye. Pengine baba alisema kweli. Yeye ndiye aliyemlea Hariri, na kama Hariri ameharibika, basi mkono uliomharibu ni wake. Wazo hilo lilimkosesha hamu ya chai.

Mama yake alikuwa akimimina chai hiyo kwa mkono mmoja, mwingine ameushika kiunoni. “Mbona hata mimi naumwa asubuhi tu?” alisema. “Nikiamka, mgongo huu…”

“Wewe nawe! Huo ni uzee, mama watoto. Uzee na mazoea ya kulalamika.”

“Haya,” mkewe akajibu, akamwekea kikombe mbele yake kwa kishindo.

Mzee hakukisikia kishindo hicho, au alijifanya hakukisikia. Alikuwa na neno jingine la kusema. “Nimezungumza na mfyatua matofali. Anatafuta farasi wa mkokoteni, na Jumamosi atakuja. Kisirani akikubali kupandwa kabla ya siku hiyo, atabaki. Asipokubali, aende. Sifugi farasi wa mapambo mimi.”

Binti aliinamisha kichwa. Farasi wa mfyatua matofali aliwajua. Walipita barabarani kila siku, mbavu zao zikihesabika kwa mbali, na kule anayegoma haulizwi mara mbili kwa nini anagoma. Aliinuka mezani, akaenda kumpigia simu daktari wa mifugo.

Daktari alifika na pikipiki yenye sanduku nyuma. Alikuwa mwanamke mnene, wa sauti ya chini, asiyependa kuharakishwa. Alimbonyeza Hariri uti wa mgongo, akamkagua kwato moja baada ya nyingine, akamtazama mdomoni, akaomba atembezwe, akimbizwe, azungushwe kulia na kushoto. Kisha akanawa mikono na kusema, “Sijaona maumivu.”

“Umesikia?” Mzee Hatamu alimgeukia bintiye. “Hana maumivu!”

“Sikusema hana, mzee wangu. Nimesema sijayaona. Huyu amepumzika tangu siku aliyomwangusha binti yako. Kama kuna kitu kinamuumiza akipandwa, leo nitakiona wapi?”

Lakini Mzee alikuwa amekwishaondoka kwenda kumpasha habari mfagiaji. Yeye alikuwa na kipaji cha kusikia nusu ya sentensi, ile nusu aliyoipenda.

Daktari akamgeukia binti. “Unamlilia kwa sababu unampenda, na baba yako anamlaumu kwa sababu wewe unampenda. Nyote wawili hamumtazami farasi. Tumuulize mwenyewe. Tutabadilisha kitu kimoja, kimoja tu, halafu tuone anajibu nini. Tukibadilisha viwili kwa pamoja, hatutajua ni kipi alichokijibu.”

Wakaanza siku hiyohiyo. Kwanza binti alimpanda bila tandiko, amekalia blanketi tu. Roho ilikuwa mkononi, kwani bega lilikuwa halijasahau. Hariri aligeuza shingo akamnusa goti, kisha akatembea. Akazunguka uwanja mzima, masikio yamesimama wima. Binti alishuka macho yamelowa.

“Huo ni mchezo,” Mzee alisema kutoka kwenye ua alikoegemea. “Mtoto anayekimbilia mpira na kukimbia vyombo si mgonjwa. Hana haja ya kazi, basi.”

Lilikuwa jibu zuri, na daktari alikiri hivyo. Akaagiza gunia la nafaka lifungwe mgongoni mwa Hariri, bila tandiko, bila mtu. Hariri alilibeba bila neno. Mzee akaja kulifunga tandiko, likiwa tupu, akarudi kuegemea ua, na hilo pia Hariri akalibeba bila neno. Mwisho binti akakanyaga kikuku na kuketi juu ya tandiko. Hata hatua moja haikupigwa. Masikio yalilala, mkia ukachapa, kope zikakunjamana na pua ikakaza. Daktari alimwashiria binti ashuke upesi.

“Uzito bila tandiko, sawa,” daktari alisema. “Tandiko bila uzito, sawa. Vikikutana, matata.”

“Basi si uzito wala si tandiko!” Mzee alipiga makofi. “Kilichobaki ni kichwa chake!”

“Au ni kitu kinachozaliwa vikikutana. Hebu tujaribu tandiko jingine.”

Hapo Mzee Hatamu aliacha kuegemea ua. “Tandiko jingine? Katika uwanja huu? Daktari, farasi wote waliopita hapa walifunzwa kwa tandiko la marehemu baba yangu, na hakuna hata mmoja aliyelalamika. Leo nilitilie shaka kwa ajili ya huyu mla mikate? Hapo umevuka mpaka.”

“Baba, tujaribu mara moja tu.”

“Nimesema hapana.”

Daktari alifunga sanduku lake. Binti alimsindikiza hadi kwenye pikipiki, akamwomba arudi Jumamosi, ingawa hakujua angerudi kufanya nini.

Jumamosi mfyatua matofali alifika mapema, kamba begani. Alikuwa mtu mpole kwa watu. Alimzunguka Hariri, akampapasa kifua na miguu ya nyuma, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Mama mwenye nyumba alitoka jikoni, akasimama mlangoni mkono kiunoni. Daktari naye akaingia na pikipiki yake, vumbi nyuma. Mfyatua matofali alipoishusha kamba begani, binti akaja kusimama kati yake na Hariri.

“Baba,” alisema, “sitakuomba ubadilishe tandiko. Liwe hilohilo la babu. Tuliangalie tu kabla huyu hajaondoka. Kama ni zima, nitafunga ile kamba kwa mikono yangu mwenyewe.”

Mzee alitaka kufoka, lakini alimtazama bintiye usoni na ufokaji ukamkwama. “Haya. Liangalieni mchoke.”

Uwanjani palikuwa na pipa lililolazwa juu ya miguu ya mbao, ambalo wanagenzi walijifunzia kupanda. Binti alitandika blanketi juu yake, Mzee akaweka tandiko. Daktari alikunja mkono wa shati, akainama ili aupenyeze mkono wake chini ya tandiko upande wa kushoto.

“Toa mkono wako, daktari,” Mzee Hatamu alisema. “Tandiko la baba yangu nitaligusa mimi. Nisije nikaambiwa mmeona mizimu humo ndani.” Akaupenyeza mkono wake mwenyewe kati ya tandiko na blanketi, mpaka kwenye kifundo cha mkono, akageuza uso kwa mfyatua matofali na kutabasamu. “Laini! Laini kama shavu la mtoto. Haya binti, kaa.”

Binti alikanyaga kikuku, akaketi.

“Yalaaa!”

Ukelele huo uliwarusha kuku wote wa jirani. Binti, kwa kushtuka, aliinama mbele kumtazama baba yake, na kule kuinama kukaongeza uzito palepale pasipotakiwa.

“Shuka! Shuka, mwanangu! Nakufa! Shuka!”

Binti aliruka chini. Mzee aliuchomoa mkono wake, akaushika kwa mkono wa pili, akazunguka pipa akirusha miguu kwa namna ambayo mfagiaji wa mabanda angemwona angemtafutia jina. Mfyatua matofali aliiacha kamba ianguke. Mzee alipotulia, walizunguka wakatazama. Vidole viwili vilikuwa na mstari mmoja wa zambarau, na penye mstari ngozi imebanwa mpaka damu imechungulia.

Mzee alivitazama vidole vyake. Akalitazama tandiko, jeusi, linalong'aa, lisilo na mkwaruzo. Halafu akamtazama Hariri aliyesimama kwenye ua, akitafuna jani.

Akatoa kisu mfukoni. Mishono ile ilishonwa na baba yake, na kwa miaka yote hakuna aliyethubutu kuigusa, lakini aliikata mmoja mmoja, akaifunua ngozi na sufi iliyokuwa chini yake. Kiunzi cha mbao kilikuwa kimepasuka. Rafu ilipoporomoka na magunia kuliangukia tandiko, mbao ziliachana ndani na ngozi ikaficha siri. Tandiko likiwa tupu, ufa ulijifunga ukawa kama haupo. Mtu akikaa, ulifunguka, na akijitingisha ukajifunga tena, ukibana nyama kama koleo.

“Kila alipopandwa,” Mzee alisema. Sauti ya kufokea haikuwepo. “Kila alipopandwa kilimng'ata hivi. Akigoma, namchapa. Namchapa kwa kuwa anaumia!” Midomo ilimcheza, akageuka asionekane, lakini kila mtu alimwona.

Alikwenda mpaka kwenye ua akiwa ameushika mkono wake. Hariri alirudi nyuma hatua moja. Hilo nalo lilimchoma Mzee, naye alilistahili. Alisimama akangoja. Baada ya kitambo farasi alinyoosha shingo, akanusa vile vidole vyenye damu.

“Haya, Hariri,” alisema polepole, na kwa mara ya kwanza tangu siku za matope alimwita kwa jina lake. “Mimi na wewe tumeumwa na mdudu mmoja.”

Binti alilia hapo waziwazi, kilio cha mtu aliyetuliwa mzigo kichwani. Hakuwa amemharibu. Penzi lake, chupa zake, hata ule mkate wa jikoni, havikuwa na hatia.

“Sasa mimi nimekuja bure?” aliuliza mfyatua matofali, akiizungushia kamba yake begani.

“Hukuja bure,” alijibu mama mwenye nyumba. “Bila wewe huyu mzee angetia mkono wapi? Njoo unywe chai.”

Daktari aliagiza Hariri apumzishwe na akandwe mgongo. Ulipofika wakati wa kumjaribu, Mzee Hatamu mwenyewe alikwenda kwa jirani kuazima tandiko, jambo ambalo angeliambiwa zamani angeliita matusi. Kabla ya kuliweka juu ya farasi aliliweka juu ya pipa, akamkalisha binti, akapenyeza mkono, macho ameyafumba kwa hofu. Halikung'ata.

Binti alipoketi juu ya Hariri, masikio yalilala nyuma kama zamani. Binti akamgeukia daktari. “Daktari, bado!”

“Anakumbuka,” daktari alisema. “Mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Msimlazimishe.”

Hawakumlazimisha. Mzee Hatamu, ambaye hakuwahi kumsubiri farasi maishani mwake, alisimama juani akasubiri. Hariri alitingisha mkia. Alingoja kile kibano, na kibano hakikuja. Sikio moja likainuka, kisha la pili. Akapiga hatua. Akapiga nyingine, akashusha pumzi ndefu, akatembea uwanja mzima na binti mgongoni mwake, na aliporudi pale alipoanzia hakutaka kusimama. Mzee alicheka kwa sauti, akamkumbatia mfagiaji aliyekuwa karibu zaidi, ufagio na yeye pamoja.

Tandiko la babu lilitundikwa ukutani mishono yake ikiwa wazi, nayo sheria ya nyumba ikabadilika. Tangu siku hiyo hakuna tandiko lililovishwa farasi kabla halijawekwa juu ya pipa, mtu akakaa, na Mzee Hatamu akatia mkono.

Jioni hiyo ya furaha Mzee aliingia chumbani kubadili shati, akamkuta mkewe ameketi ukingoni mwa kitanda, mkono kiunoni, akijaribu kuinuka. Mdomo ulimfunguka kusema lile neno lake la siku zote, akaufunga. Alivitazama vidole vyake, ambavyo kucha zake zilikuwa bado nyeusi.

“Hebu sogea,” alisema.

“Nisogee niende wapi? Upande wako ni ule wa ukutani.”

“Sogea, mama watoto.”

Alilala chali upande wa mkewe, viatu miguuni, hata hakukumbuka kuvivua. Mara uso ukamkunjamana. Alijigeuza kushoto, akajigeuza kulia. Kila alipogeuka, chaga iliyokatika chini ya godoro ilimtia ncha yake kiunoni.

“Chaga hii imevunjika tangu lini?” aliuliza akitazama dari.

“Tangu ulipoanza kuniambia ni uzee.”

Mzee Hatamu aliteremka kitandani, akatoka kwenda kutafuta msumeno na ubao mzuri, akarudi akapiga magoti kando ya kitanda na kuanza kazi, huku mkewe akimmulikia taa na kumcheka. Nusu ya kitanda hicho alikuwa ameilalia tangu ndoa yao, na nusu ya pili hakuijua. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.